Iten hadi Kabarnet kwa Baiskeli: Lami, Breki Moto na Pesa za Njiani

Ukimwambia mtu wa Eldoret kwamba unaenda Kabarnet kwa baiskeli, atataka kujua kwanza kama matatu zimegoma. Ukimweleza kuwa unaenda kwa kupenda, na tena umelipa nauli ya basi kutoka Nairobi ili uje kuteseka huku, atakuangalia kutoka helmeti hadi viatu. Halafu atauliza swali la maana: breki ziko sawa?

Makala hii ni ya yule ambaye amekuwa akiona picha za watu kwenye baiskeli mashambani, milima nyuma na ng'ombe kando ya lami, akajiambia, "Hata mimi naweza." Unaweza. Lakini kuna mambo mawili ambayo picha hazionyeshi. La kwanza ni mteremko unaochosha breki kabla ya kuchosha miguu. La pili ni vituo vidogo ambako pesa iliyo kwenye simu yako haitembei kama ulivyozoea mjini. Tutaongea juu ya yote mawili, na mandhari pia hatutaiacha, kwa sababu ndiyo iliyokutoa nyumbani.

Kwa nini barabara hii

Nchi zingine zimewatengenezea watu wa baiskeli njia zao. Jimbo la Minnesota kule Marekani lina njia inayoitwa Paul Bunyan State Trail, kutoka Brainerd hadi Bemidji, zaidi ya kilomita 180 za lami zilizowekwa juu ya tuta la reli ya zamani. Treni haipendi mlima, kwa hivyo njia za aina hiyo huwa tambarare, na nyanya anaweza kwenda na mjukuu wake bila yeyote kuhema. Magari hayaingii. Uholanzi nako, makutano ya njia za baiskeli yamepewa nambari: asubuhi unaandika nambari zako kwenye karatasi, unazifuata mpaka jioni.

Sisi bado hatujafika huko. Barabara ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 ilikuja na njia za baiskeli pembeni, lakini hiyo ni safari ya moshi na makelele, si ya kutazama nchi. Tulicho nacho ni barabara za lami zinazopita mahali pazuri ajabu na zisizo na magari mengi. Kila mtu ana yake. Wengine watakuambia Tigoni kwenye majani chai, wengine Kericho. Sibishani nao sana, ila Limuru ina malori na Kericho ina mvua ya alasiri isiyoomba ruhusa. Mimi nasimama na Iten–Kabarnet.

Hesabu yake iko hivi. Eldoret, ambayo ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Unapanda polepole kilomita 30 na kitu hadi Iten, karibu mita 2,400. Hapo nchi inakatika. Barabara inaanguka ukingoni mwa bonde, inashuka karibu mita 1,200 hadi Mto Kerio, inavuka daraja, kisha inapanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, karibu mita 2,000. Kutoka Iten hadi Kabarnet ni kilomita 50 na kidogo. Kwa gari hata hujamaliza mazungumzo. Kwa baiskeli ni siku nzima, na hiyo siku nzima ndiyo utamu wenyewe.

Lala Iten, usipite tu

Kutoka Eldoret hadi Iten hakuna drama. Ni mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa, watoto wa shule wanaokimbia sambamba nawe na kukupita bila kutoa jasho. Usijisikie vibaya. Uko kwenye mji wenye lango lililoandikwa kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa, na hawatanii. Hapa ndipo Brother Colm O'Connell kutoka Ireland alikuja kufundisha shule ya St. Patrick's mwaka 1976, akabaki, na mmoja wa vijana aliowalea, David Rudisha, akakimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 London mwaka 2012.

Wasichojua wengi ni kwamba Iten ina baiskeli pia. Timu ya Kenyan Riders, iliyoanzishwa na Nicholas Leong kutoka Singapore, ilifanya mazoezi hapa kwa sababu ile ile ya wakimbiaji: hewa nyepesi na milima isiyoisha. Ukiona kijana amevaa jezi ya kubana akishuka Tambach kama mshale, usimfuate. Yeye anaijua kila kona kwa jina.

Sababu ya kulala Iten ni mbili. Mwili wa mtu wa Nairobi, na zaidi wa Mombasa, unahitaji usiku mmoja kuzoea hewa. Na ya pili, unataka kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijaamka vizuri. Asubuhi ya Iten ni baridi ya koti. Saa sita mchana kule chini bondeni ni joto la kutafuta kivuli. Siku moja, nguo mbili, kwa hivyo vaa tabaka unazoweza kuvua.

Kabla ya kulala, chaji kila kitu. Hifadhi ramani ya eneo zima kwenye simu ili ifanye kazi bila intaneti. Na toa pesa taslimu kwa wakala ukiwa bado Iten. Ndiyo, umesoma vizuri: kampuni ya malipo kwa simu inakuambia ubebe noti. Tutarudi hapo.

Mteremko

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Ukitoka Iten kuelekea Tambach, bonde linafunguka mbele yako ghafla, na ni vigumu kueleza vile ilivyo. Unaona chini kabisa msitu wa kijani-kijivu, mstari wa mto, na ng'ambo yake Milima ya Tugen imekaa kama ukuta wa buluu. Kwenye ukuta huo, mwaka 2000, watafiti walipata mabaki ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa karibu miaka milioni 6 iliyopita anayedhaniwa kuwa miongoni mwa mababu wa mwanzo kabisa wa binadamu. Kwa hivyo unapoangalia kule, unaangalia nyumbani kwa zamani sana. Angalia ukiwa umesimama. Ukishaanza kushuka, macho ni ya lami.

Sasa hesabu ndogo. Chukua mtu na baiskeli na mzigo, jumla kilo 95. Mshushe mita 1,200. Nguvu hiyo yote lazima iende mahali. Sehemu inapotelea kwenye upepo, na inayobaki inageuka joto kwenye breki. Kama breki ingeibeba yote peke yake, joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji. Sufuria nzima ya chai, imefungwa kwenye rimu zako mbili.

Ndiyo maana mtu anayebana breki kutoka Iten mpaka chini bila kuachilia anatafuta shida. Kwenye baiskeli za breki za rimu, chuma kinapata moto, hewa ndani ya tyubu inavimba, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kasi. Kwenye breki za diski, pedi zinapata moto hadi zinaanza kuteleza, unabana na baiskeli haisikii. Fundi yeyote wa Eldoret atakuambia dawa, na ni rahisi: bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achilia, acha upepo upoze, bana tena. Tumia mbele na nyuma kwa zamu na kwa pamoja, usitegemee moja. Punguza kasi kabla ya kona, si ndani ya kona, kwa sababu ndani ya kona tairi ina kazi ya kukushikilia barabarani na hutaki kuiongezea nyingine.

Simama Tambach. Ni kituo kidogo katikati ya ukingo, chuo cha walimu kiko hapo, na kuna chai. Simama hata kama hujachoka. Acha breki zipoe dakika 20. Usiguse rimu na kidole kujua kama ina moto. Dondoshea maji kidogo usikie inasema nini. Katika kundi letu la watu wanne mmoja alikuwa na baiskeli ya mtumba, nzito, na maji yalipogusa rimu ya nyuma yalifanya "tsss" kama kikaango. Tulikaa na chai ya pili.

Kisha kuna matuta. Karibu na shule na vituo vya biashara utakuta matuta, mengine hayana rangi wala alama, na ukiwa kasi utayaona ukiwa juu yake. Kanuni yetu ilikuwa hii: ukiona watoto wa sare, kibanda au punda, chukulia kuna tuta. Mbuzi hawana kanuni yoyote. Baada ya mvua, angalia mawe yaliyoporomoka kutoka ukingoni na changarawe kwenye kona. Kaa kushoto lakini usijibane kwenye ukingo kabisa, pale ambapo lami imemegeka. Na ukisikia lori nyuma, toka barabarani mapema, simama, lipite. Huna haraka. Lori ndilo lina haraka.

Suleiman Kangangi kutoka Eldoret, mmoja wa wanabaiskeli bora ambao Kenya imewahi kutoa, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano kule Vermont, Marekani. Alikuwa mtaalamu, miaka na miaka kwenye kazi hiyo. Namtaja kwa heshima, na kwa sababu kuna vijana wanaoshuka barabara hii bila helmeti wakijipiga video.

Maembe, na ujumbe ambao haukuja

Chini bondeni ni dunia nyingine. Joto linakupiga usoni kama umefungua oveni. Miti ya miiba, udongo mwekundu, mizinga ya nyuki imening'inia juu ya matawi. Hifadhi ya Rimoi iko upande wa kaskazini na ndovu wa bonde hili hawajui mpaka wa hifadhi, kwa hivyo ukiona kinyesi kibichi barabarani, kikubwa kuliko cha ng'ombe, uliza mtu kabla ya kuendelea.

Na maembe. Msimu ukiwa umefika, kina mama wamepanga maembe kwenye ndoo na mabeseni kando ya lami. Gari likipita kwa kasi ya 80, dereva anaona rangi ya njano tu. Mtu wa baiskeli anapita kwa kasi ya 15, ana kiu, ana njaa, na anatafuta sababu ya kusimama. Fikiria hilo upande wa muuzaji. Ukisafiri kwa gari kutoka Eldoret hadi Kabarnet unaweza kukosa kuacha hata shilingi moja katikati. Ukisafiri kwa baiskeli mwili wenyewe unakulazimisha: chai Tambach, maembe na maji bondeni, ndizi njiani ukipanda. Pesa ni kidogo, lakini inamfikia mtu moja kwa moja.

Kama inamfikia.

Tulinunua maembe ya kula hapo na ya kubeba. Mwenzetu akatuma pesa kwa nambari ya mama aliyetuuzia. Simu yake ikaonyesha imetumwa. Simu ya mama, kimya. Tukangoja. Kimya. Netiweki pale chini ni ya kubahatisha. Unapata mstari mmoja, unageuka, umepotea. Mama hakugombana nasi. Alisema twende tu, itaingia. Ni maneno ya upole, na nilipomuuliza kama huwa inaingia kweli, alicheka kidogo, akasema kuna zinazoingia. Kisha akatueleza juu ya mteja mmoja mwenye gari aliyemwonyesha ujumbe kwenye skrini, akapakia ndoo mbili, akaenda. Pesa hiyo haikuingia siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Hatukuondoka. Mama naye alizijua njia za kwake: alitembea na simu hadi kwenye mwinuko mdogo nyuma ya mti, hatua kama 50, akasimama hapo mkono juu. Baada ya dakika kumi na kitu ujumbe ukalia. Akarudi akiwa na embe moja la ziada.

Naomba tuelewe kinachotokea hapa, kwa sababu wengi wanadhani ujumbe ndio pesa. Sivyo. Ukithibitisha malipo kwa PIN na yakakubaliwa, salio lako linapungua na la mpokeaji linaongezeka kwenye mitambo ya kampuni. Ujumbe ni taarifa tu inayotumwa baadaye kwa simu zote mbili, na simu isiyo na netiweki haiwezi kuupokea mpaka iipate. Kwa hivyo:

Muuzaji ambaye hajapata ujumbe aangalie salio lake mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo hakika. Skrini ya mteja si hakika, hata kama mteja ni mtu wa Mungu, kwa sababu ujumbe wa bandia unaandikwa na yeyote mwenye vidole.

Wewe unayelipa, kama simu yako imeganda katikati na hujui kama imetuma, usitume tena papo hapo. Tafuta netiweki, angalia salio, ndipo uamue. Watu wengi wanaolipa mara mbili hawakuibiwa. Walikuwa na haraka.

Na kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Nambari inayosomwa kwa sauti huku upepo ukivuma na mbuzi wakilia ni rahisi kukosea tarakimu moja. Mwonyeshe muuzaji jina, aseme ni lake. Wakati mwingine laini imesajiliwa kwa jina la mtoto wake au mume wake, hilo ni la kawaida, lakini alikubali yeye, si wewe kukisia. Ukishatuma kwa mtu asiye, piga huduma kwa wateja mara moja ukiwa na msimbo wa muamala. Mpokeaji akishatoa pesa hizo, kuzirudisha kunakuwa kesi ndefu.

Sasa unaona kwa nini noti. Kwa bidhaa za shilingi 50 na 100 mahali pasipo na netiweki, beba noti ndogo na sarafu. Usimletee mama wa maembe noti ya 1,000 saa mbili asubuhi ukitarajia chenji. Na usitegemee kutoa pesa njiani: wakala wa kituo kidogo huenda yupo na ana roho safi, lakini kama asubuhi hiyo watu wawili wameshatoa pesa za karo, taslimu imeisha. Simu itumie pale kiasi ni kikubwa na netiweki ipo, yaani malazi, chakula cha jioni, fundi, matatu. Kwenye hoteli zenye nambari ya till, lipa kwa till. Biashara inabaki na rekodi yake safi, na wewe pia.

Daraja na mlima

Mto Kerio unapita kwenye korongo la mawe pale Chebloch, mpakani mwa Elgeyo Marakwet na Baringo, ukielekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Vijana wa hapo wanaruka kutoka juu ya miamba hadi majini, na wanataka kulipwa kidogo kwa onyesho. Kubaliana bei kabla hajaruka. Usiruke wewe. Mto huu una mamba, na vijana hao wamejifunza kina chake tangu utotoni.

Ukivuka daraja, starehe imekwisha. Mbele yako kuna karibu mita 900 za kupanda hadi Kabarnet. Sina mengi ya kusema juu ya mlima huo, kwa sababu kuna siri moja tu: gia nyepesi, mwendo wa mtu anayetembea, na usishindane na yeyote. Tatizo hasa ni joto kuliko mwinuko. Kama umechelewa Iten, utakuwa hapa saa sita, jua liko utosini na lami inarudisha moto. Beba lita 3 za maji kwa mtu ukiondoka bondeni. Tia chumvi kidogo kwenye moja ya chupa. Ukishindwa, shuka usukume. Nusu ya barabara ya mwisho mimi na mwenzangu tuliisukuma huku tukipiga stori, na mandhari haikupungua hata kidogo. Nyuma yako ukuta wa Iten unaanza kuonekana ng'ambo, na unashangaa asubuhi ulikuwa juu ya ule.

Watu wa upande huu ni Watugen. Salimia. "Chamgei" inafungua milango kuliko Kiswahili chetu cha Nairobi, na jibu lake ni "chamgei mising". Mzee akikaa kwenye benchi anataka kujua unatoka wapi na kwa nini, mpe dakika zako tano. Yeye ndiye atakayekuambia hali ya barabara iliyo mbele, na hakuna programu ya simu inayoijua kumshinda.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo sipendi kulipamba. Bonde la Kerio lina historia ya wizi wa mifugo na mashambulizi, na Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kusaidia polisi kaskazini mwa Bonde la Ufa. Barabara ya Iten–Kabarnet iko kusini mwa maeneo yanayotajwa zaidi, kama Tiaty, Baringo Kaskazini na Marakwet Mashariki, na inatumika kila siku na matatu na walimu na wafanyabiashara. Lakini hali hubadilika. Uliza hotelini Iten usiku uliotangulia, uliza kituo cha polisi, na wakikuambia subiri, subiri. Usiendeshe usiku. Usiondoke kwenye lami kutafuta njia ya mkato kuelekea kaskazini.

Simu, kundi na amana za watu msiowajua

Mkienda kundi, chagueni mweka hazina mmoja. Kila mtu amtumie mchango kabla ya safari, yeye alipie malazi na chakula, na mwishowe agawe kilichobaki. Sisi tulifanya hivyo na tukaepuka ule ugomvi wa usiku wa "mimi nililipa chai, wewe ulilipa soda". Lakini mweka hazina asiwe peke yake mwenye pesa. Simu yake ikianguka korongoni, kundi lote lisibaki maskini. Mtu wa pili awe na ya dharura, ya kutosha kuwarudisha wote nyumbani.

Weka kufuli ya laini, si ya skrini pekee. Ukiweka PIN ya laini ya simu, mtu akiokota simu yako na kuhamisha laini kwenye simu nyingine, haitafunguka. PIN ya laini na PIN ya pesa zisifanane, na zisiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Kariri nambari moja ya mtu wa nyumbani, kichwani, kama zamani. Simu ikipotea, azima ya mtu, piga huduma kwa wateja, funga laini kwanza, lia baadaye.

Halafu amana. Ukitafuta malazi au baiskeli ya kukodi mtandaoni utakutana na kurasa zenye picha nzuri na nambari ya mtu binafsi, na mwenye nambari ana haraka kwamba chumba kimebaki kimoja. Piga simu ya hoteli uliyoipata mahali pengine, si kwenye ukurasa huo. Angalia kama jina linalotokea kabla ya PIN ni la biashara au la mtu asiyehusika. Kama hawakubali kupokea pesa ukifika, tafuta kwingine. Kabarnet na Iten hazikosi vitanda.

Bei sijaandika hapa, na ni makusudi. Nauli na vyumba vinabadilika na petroli kabla hujamaliza kusoma. Njia bora ni kupiga simu mbili wiki ya safari.

Ukiwa na siku ya ziada

Kutoka Kabarnet barabara inashuka tena hadi Marigat, mteremko mwingine mrefu, joto jingine, breki zile zile. Marigat kuna nyama ya mbuzi na asali ya Baringo ndani ya chupa zilizotumika. Ukielekea kaskazini unafika Kampi ya Samaki kwenye Ziwa Baringo, ziwa ambalo miaka ya karibuni limepanda likameza hoteli na mashamba ya ufuoni. Ukielekea kusini kuna Ziwa Bogoria na chemchemi zake za maji moto. Hifadhi hiyo iko chini ya kaunti, kwa hivyo utaratibu wa kulipa ni wa kaunti, tofauti na mbuga za KWS zinazolipiwa kupitia eCitizen. Ukiendelea na barabara kuu hadi Nakuru utavuka ikweta pale Mogotio.

Sisi tuliishia Kabarnet. Asubuhi iliyofuata stendi, dereva wa matatu alitaka kupakia baiskeli juu ya keria kwanza, bei tuongee njiani. Tukakataa. Elewana bei ya mtu na bei ya baiskeli zikiwa bado chini, ondoa pedali ukiweza ili zisichubue nyingine, weka kadibodi kati ya fremu, na hakikisha kamba imefungwa kwenye fremu, si kwenye spoki. Lipa ukiona fundo limekaza. Tulipata bei nzuri kwa kuwa tulikuwa wanne, na kondakta alifunga kwa raba ya tyubu iliyopasuka, ambayo alituomba tumwachie.